Siku tano Mumbai na mzee seremala: ni mapango gani ya Kibuddha tuyaone?

BintiWaRanda

Wadau, hamjambo. Nahitaji ushauri wa mtu aliyefika India kwa miguu yake, maana mawakala wa hapa mjini wananipa karatasi zenye picha nzuri na bei mbaya.

Baba yangu ana miaka 71. Ni seremala, na karakana yake ilikuwa Kariobangi kule kwa jua kali hadi moyo ulipomwambia basi. Mwaka jana tulikwenda Mumbai akawekewa stenti mbili, vile vijibomba vya kupanua mishipa ya moyo, na Novemba hii tunarudi kukaguliwa. Vipimo ni Alhamisi, na daktari atatuona na majibu Jumatano inayofuata. Katikati hapo tuna siku tano za bure. Mara ya kwanza siku kama hizo tulizimaliza kwenye chumba cha kupanga tukitazama feni ikizunguka. Sitaki kurudia.

Chumba hicho kilikuwa na kalenda ukutani. Mwezi mmoja ulikuwa na picha ya mtu aliyechorwa kwenye ukuta wa pango huko Ajanta, ameshika ua la buluu, macho yameinama. Baba alimtazama siku nzima kisha akaniuliza, "Huyu amefiwa na nani?" Nikafunua mwezi mwingine. Kulikuwa na ukumbi uliochongwa ndani ya mwamba, darini mbavu zimejipanga kama mbavu za jahazi lililopinduliwa. Hapo mzee alisimama, na siku hizo kusimama ilikuwa kazi. "Hiyo ni kenchi. Nani amepiga kenchi ndani ya jiwe?" Kwenye kalenda waliandika Ellora.

Kwa hiyo nimepanga hivi: Ijumaa tupumzike, Jumamosi tuzunguke Mumbai, Jumapili tusafiri, Jumatatu Ajanta, Jumanne asubuhi Ellora na jioni turudi. Daktari amesema atembee, ila asipande ngazi kama anafukuzwa. Na jambo la pili: mzee ni mzee wa kanisa, na ameshanitahadharisha kwamba hatakwenda kuinamia sanamu. Nimjibu nini?

Kijana_wa_Umoja

Dada, kama ni Ubuddha basi nenda kwenye mizizi. Bodh Gaya ndiko Buddha alikopata mwangaza chini ya mti. Sarnath, karibu na Varanasi, ndiko alikotoa mafundisho ya kwanza. Kushinagar ndiko alikofia, na Lumbini ndiko alikozaliwa, ambako mfalme Ashoka alisimamisha nguzo ambayo ipo hadi leo. Hayo mengine ni mapango tu. Siku tano zinatosha ukijipanga.

MamaWaNgara

Kijana, umesema kweli lakini umeisema kwa ramani ya ukutani. Bodh Gaya iko Bihar, zaidi ya kilomita elfu moja na nusu kutoka Mumbai. Kushinagar ni safari nyingine kabisa, na Lumbini iko Nepal, yaani unatoka India na kuingia tena, na si kila viza inakuruhusu kuingia mara ya pili. Mzee mwenye stenti mbili umpitishe huko kwa siku tano? Hata mimi nisiye na stenti nitazihitaji.

Sasa wewe binti yangu. Mimi ni Mhindi wa Nairobi, babu yangu aliuza vitambaa hapa Ngara, na India huwa naenda kama mgeni tu, nadanganywa kama wageni wengine. Nimesoma mpango wako nikacheka hadi chai ikamwagika. Ajanta hufungwa Jumatatu. Ellora hufungwa Jumanne. Umepanga kufika kote kote siku ya kufuli!

Sikucheki kwa ubaya. Yalinipata mwenyewe. Wakala mmoja wa kule, jina lake nalimeza, alitupakia kwenye gari Jumatatu alfajiri, watu sita na mama mkwe wangu. Kutoka Aurangabad hadi Ajanta ni kama kilomita 100. Tulifika tukakuta mlinzi anamenya karanga. Hakuna aliyetufungulia, wakala akawa hapokei simu, na mama mkwe hakusema neno njia nzima ya kurudi. Ni heri angesema.

Geuza hivi: Jumamosi safiri, Jumapili Ajanta, Jumatatu Ellora, Jumanne rudi Mumbai taratibu. Jumapili kuna watu wengi, lakini geti liko wazi.

Mengine haraka haraka. Mji huo sasa rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar, ila watu wengi bado wanauita Aurangabad, kwa hiyo usishtuke tiketi ikiwa na jina moja na dereva akitaja jingine. Ndege kutoka Mumbai ni kama saa moja. Treni ni saa sita au saba, na kwa mzee ningechagua ndege kwenda na kurudi, hata kama inauma mfukoni. Beba taslimu. Wahindi wanalipa kila kitu kwa simu, hadi muuza ndizi, lakini mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko mara nyingi anabaki kuonyesha simu yake kama pambo. Mtalii wa kigeni analipa kiingilio cha rupia 600 Ajanta, na Ellora vile vile. Mara ya mwisho nilipokwenda rupia moja ilikuwa kama shilingi moja na nusu yetu.

Na kwa wanaosoma kimya kimya wakipanga safari yao ya kwanza: kadi ya homa ya manjano. Ukitoka Kenya wataiuliza, na chanjo lazima iwe imetimiza siku 10. Usipokuwa nayo wanaweza kukufungia karantini hadi siku 6.

BintiWaRanda

Mama, nimeona aibu mwenyewe na simu yangu. Jumatatu Ajanta, Jumanne Ellora. Ningemweleza nini mzee?

Basi Ijumaa inabaki wazi. Kuna mtu ameniambia mapango ya Kanheri yako ndani ya Mumbai yenyewe. Yanafaa?

MwalimuWaRongai

BintiWaRanda, nimefundisha historia miaka 28 na nimekwenda India mara mbili kwa pesa zangu, jambo ambalo mke wangu hajalisamehe. Niruhusu niandike kirefu kidogo.

Kanheri inafaa, na ni jambo la ajabu kuona. Iko ndani ya mbuga ya Sanjay Gandhi upande wa Borivali, kama vile Karura ingekuwa na mahandaki ya watawa. Mapango yamezidi mia moja, ya kwanza yalianza kuchongwa karibu na mwanzo wa hesabu ya miaka tunayoitumia. Kilichonigusa mimi si sanamu. Ni maji. Nje ya mapango mengi wamechonga tangi la mvua ndani ya mwamba, na mifereji midogo inayoshuka kutoka juu kuyajaza. Mimi natoka mtaa ambao bomba hutoa maji Jumatano usiku. Nilikaa kwenye ukingo wa tangi mojawapo nikihesabu ndoo kichwani.

Lakini kwa baba yako, Ijumaa hiyo usiitumie Kanheri. Mpeleke Karla.

Karla iko karibu na Lonavala, kwenye njia ya Mumbai kwenda Pune. Ni mwendo wa asubuhi kwa gari ukiondoka mapema. Pale kuna ukumbi mmoja wa ibada uliochongwa kwenye mlima karne ya kwanza au ya pili baada ya Kristo, urefu wake kama meta 45, nguzo pande zote mbili na juu ya nguzo tembo wamepiga magoti na watu migongoni. Ndio mkubwa kuliko kumbi zote za namna hiyo India. Ukishaingia, inua kichwa. Kenchi unayoiona kule juu si jiwe. Ni mbao. Mbao halisi za msaji, zilizopindwa kufuata tao la dari, na ziko pale tangu wakati huo.

Sasa mwulize seremala: zinabeba nini? Hazibebi chochote! Dari ni mwamba mtupu, ungesimama wenyewe bila hata kijiti. Lakini kabla ya hapo watu wa nchi hiyo walikuwa wakijenga kumbi zao kwa mbao, na walipohamia kwenye jiwe, ukumbi usio na kenchi haukuwa ukumbi machoni pao. Wakazipachika. Halafu miaka mia kadhaa baadaye, mafundi wa Ajanta kwenye pango la 19 na la 26, na wa Ellora kwenye pango la 10, wakaacha kupachika mbao na wakachonga mbavu zile zile kwa jiwe. Ndiyo picha ya kalenda yenu. Baba yako aliona sawasawa. Wenyeji wenyewe wanaliita pango hilo la 10 kibanda cha seremala.

Kwa hiyo ukianza na Karla Ijumaa, ukaja Ajanta Jumapili, ukamaliza na Ellora Jumatatu, atakuwa amefuata kenchi moja kutoka kwenye mti hadi kwenye jiwe. Ukianza na Ellora atasema ni urembo.

Kuna jambo jingine Karla nililitunza la mwisho. Watu waliochangia ukumbi ule waliandika majina yao ukutani kwa Kibrahmi, herufi za kale za India. Tajiri mmoja, Bhutapala wa Vejayanti, anajisifu kwamba ameukamilisha, na kwamba ni bora kuliko yote katika bara zima la India. Wengine walitoa nguzo moja moja, na kati yao wako waliojiita Wayavana, jina ambalo Wahindi wa kale waliwapa Wagiriki na wageni wa magharibi. Na kwenye mlango kuna maandishi mafupi yanayosema mlango huo ulitengenezwa na Sami mwana wa Venuvasa, seremala, mwenyeji wa Dhenukakata.

Seremala. Wafalme wangapi wa miaka ile hatujui walikuwa nani, na huyu tunajua hadi jina la baba yake.

Kijana_wa_Umoja

Mwalimu, nimenyamaza.

BintiWaRanda

Mwalimu, nimesoma hiyo sehemu ya Sami mara tatu kwenye matatu, hadi nikapitishwa steji yangu nikashukia Outering. Bado sijamwambia mzee. Kwanza nijue mambo mawili. Ngazi za Karla zikoje? Na lile la kuinamia sanamu?

MwalimuWaRongai

Ngazi ni nyingi, mia tatu na zaidi ukianzia chini kabisa. Gari linaweza kupanda sehemu ya mlima na kukupunguzia, kwa hiyo mwambie dereva mapema msishukie chini. Nendeni Ijumaa hiyo hiyo, si mwisho wa wiki, kwa sababu mbele ya pango kuna hekalu la Kihindu la Ekveera, na wanaokwenda kuhiji hufurika. Ajanta kuna kupanda mwanzoni, halafu njia inafuata ukingo wa bonde lenye umbo la kwato ya farasi, na mapango kama 30 yamejipanga juu ya mto. Magari ya watu huachwa kama kilomita 4 nyuma na mnaingia kwa basi la pale. Kuna wanaume wanaobeba wazee kwa kiti chenye miti miwili. Kubalianeni bei kabla mzee hajakaa, si baada.

Kuhusu sanamu, mwambie Ajanta ni magofu kama Gede. Karne ya tano, wakati wa mfalme Harishena wa Wavakataka, kazi ilikuwa imepamba moto, kisha mfalme akafa na kazi ikasimama. Mapango mengine yaliachwa nusu, na msitu ukayafunika. Mwaka 1819 afisa mmoja Mwingereza, John Smith, alikuwa akiwinda chui milia, akaona tao la pango la 10 ng'ambo ya bonde. Akaingia, akakwangua jina lake na tarehe juu ya mchoro wa kale kama mtoto wa darasa la nne kwenye dawati. Bado lipo, ila juu kuliko kimo cha mtu, kwa sababu yeye alisimama juu ya kifusi. Utakuta watawa wageni wakisali, ndiyo, lakini hakuna atakayemwambia baba yako ainame. Viatu huvuliwa kwenye baadhi ya mapango, kwa hiyo avae vya kuchomoa bila kufungua kamba.

Na usimruhusu aangalie mapango yaliyokamilika tu. Mwonyeshe la 24. Lilikusudiwa kuwa mojawapo ya makao makubwa ya watawa pale Ajanta, likakatizwa. Ndani yake unaona namna kazi ilivyofanyika: walianza darini wakishuka chini, wakiacha mawe ya nguzo yasimame yenyewe, kwa hiyo hawakuhitaji jukwaa. Makovu ya patasi yako wazi. Kiongozi wa watalii atataka kuwapitisha mbio, mkatalieni.

Ile michoro nayo si rangi juu ya jiwe. Walikandika ukuta kwa udongo uliochanganywa na majani na kinyesi cha ng'ombe, wakapaka chokaa nyembamba juu, ndipo wakachora. Mimi bibi yangu alikandika nyumba yake Murang'a kwa mchanganyiko huo huo, isipokuwa hakuna aliyempa jiwe la buluu kutoka milima ya Afghanistan la kusagia rangi. Yule mtu wa ua wa kalenda yuko pango la 1, ukutani kushoto kwa chumba cha ibada cha ndani. Anaitwa Padmapani, maana yake mwenye yungiyungi mkononi. Hajafiwa. Ni mmoja wa wale wanaosemekana walikubali kuchelewa kuingia raha ya milele hadi viumbe wengine wote waokolewe. Mzee wa kanisa ataelewa sura hiyo bila kuelezwa zaidi.

Tochi ndogo ni muhimu. Kamera bila mwako wa taa.

Garissa_Lodge

Nawasalimu. Jumatatu mkimaliza Ellora msirudi mjini moja kwa moja. Kilomita chache tu kutoka hapo kuna mji mdogo wa Khuldabad. Watalii huenda kuona kaburi la mfalme Aurangzeb. Ninyi ulizeni kaburi la Malik Ambar.

Alizaliwa Uhabeshi karibu mwaka 1548, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapita mikono ya watu Uarabuni na Baghdad mpaka Dekani, nyanda za juu za India. Akaja kuwa mkuu wa jeshi na mtawala halisi wa ufalme wa Ahmadnagar, akawasumbua Wamughali, watawala wa India ya kaskazini, miaka na miaka. Mwaka 1610 akajenga mji wake, Khadki. Huo Khadki ndio Aurangabad mtakayolala. Mifereji ya chini ya ardhi aliyoipitisha kuleta maji mjini inaonyeshwa hadi leo. Alikufa 1626 akiwa bado anaongoza.

Si Ubuddha, najua. Lakini nilikwenda pale na mamangu, na mlinzi wa kaburi alipotuona alisogea akasema neno moja tu, "Habshi?" Tukasema ndiyo, ingawa sisi ni wa Eastleigh.

MamaWaNgara

Hilo kaburi nimelipita mara mbili bila kujua. Asante.

Binti, Ellora yenyewe usiende na tamaa. Mapango ni 34: la 1 hadi la 12 ni ya Kibuddha, la 13 hadi la 29 ya Kihindu, ya mwisho ya Kijaini, dini nyingine ya kale ya India. La 16, hekalu la Kailasa, si pango hata kidogo, ni mlima mzima uliochongwa kuanzia kileleni kushuka hadi ukawa jengo. Anza na la 10 asubuhi mzee akiwa na nguvu, kisha Kailasa, kisha chai. Mengine yaache. Mume wangu alitaka kuyaona yote 34 na jioni tulimbeba.

BintiWaRanda

Nimerudi. Jana jioni niliwapelekea wazee mkate, nikamsomea baba majibu yenu yote, hata ya mama mkwe na karanga.

Alisikiliza bila kusema. Nilipofika kwa Sami alininyoshea mkono nisimame. "Soma tena jina la baba yake." Nikasoma. Akauliza kama mlango wenyewe upo au ni maandishi tu. Nikamwambia maandishi yapo, mlango sijui, atauona mwenyewe. Halafu akauliza zile mbavu za msaji zimeungwa vipi, kwa misumari au kwa ndimi. Mwalimu, swali hilo nimelileta kwako.

Kuhusu Padmapani hakusema kitu, ila aliomba nimwonyeshe tena ile picha kwenye simu.

Basi imekuwa hivi: Ijumaa Karla kwa gari, Jumamosi ndege, Jumapili Ajanta, Jumatatu Ellora pango la 10, Kailasa na Malik Ambar, Jumanne Mumbai. Kanheri nimeiacha. Na mzee ana swali moja kwenu la haraka: futi yake ya chuma inaruhusiwa kwenye ndege?

MwalimuWaRongai

Mbao ziko juu sana, dada, sikuweza kuona maungo kwa macho yangu. Mpe baba yako darubini ndogo ya kutazamia ndege wa porini, na akirudi atueleze yeye.

MamaWaNgara

Futi iwekwe kwenye sanduku la kupakia chini, si mkobani. Na mwambie apime hewani. Ukuta asiuguse.